Benjamin Thompson, Count Rumford: Mtu Aliyepima Joto Kuanzia Kwenye Kuni Hadi kwa Mlaji

Ndugu mtahiniwa, wasifu huu utakusaidia kwa mambo mawili. Kwanza, utakupa habari za maisha ya mwanasayansi ambaye jina lake hutajwa mara nyingi katika historia ya mada ya joto. Pili, utakuonyesha namna ya kujibu swali ambalo wanafunzi wengi hulikimbia: utajuaje kama mfumo wa kutoa joto unategemeka, tangu pale kuni au mafuta yanapopatikana hadi pale mtumiaji anapolihitaji joto hilo? Soma mara ya kwanza ili upate mtiririko wa maisha yake. Soma mara ya pili ukiwa na kalamu na karatasi.

1. Kwa nini tumsome mtu huyu?

Chukua mfano wa shule ya bweni mjini Mpanda, mkoani Katavi. Tuseme wanafunzi 600 wanasubiri makande saa saba mchana. Ili chakula hicho kiive, kuni lazima zikatwe, zikauke, zipakiwe kwenye lori, zifike shuleni, ziwake vizuri, na joto lake liingie kwenye sufuria badala ya kupotelea hewani. Hatua moja ikikwama, mwanafunzi mwenye njaa hapati kitu, hata kama hatua nyingine zote zimekwenda sawa.

Mkulima wa tumbaku ya mvuke mkoani humo anaijua hali hiyo vizuri. Majani yakishaingizwa kwenye bani, moto unatakiwa kuwaka usiku na mchana kwa siku zipatazo tano hadi saba, na joto lipite kwenye mabomba hadi kwenye majani. Moto ukizimika usiku wa manane bila mtu kujua, majani huharibika na jasho la msimu mzima hupotea.

Benjamin Thompson, ambaye baadaye aliitwa Count Rumford, alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuutazama mnyororo huo wote kwa vipimo. Hakuishia kuuliza kama moto unawaka. Aliuliza ni kiasi gani cha joto la kuni kinamfikia mlaji, na kingine kinapotelea wapi.

2. Kuzaliwa na ujana

Benjamin Thompson alizaliwa tarehe 26 Machi 1753 huko Woburn, Massachusetts, wakati eneo hilo lilipokuwa koloni la Uingereza. Baba yake alifariki Benjamin akiwa bado mtoto mchanga. Familia haikuwa na mali, hivyo alipofika umri wa miaka 13 alipelekwa kujifunza kazi kwa mwenye duka mjini Salem. Alipenda majaribio kuliko biashara, na wakati mmoja aliungua vibaya alipokuwa akitengeneza fataki.

Baadaye alikuwa mwalimu wa shule katika mji uliojulikana zamani kwa jina la Rumford, ambao sasa unaitwa Concord, New Hampshire. Huko, mwaka 1772, alimwoa mjane tajiri aliyeitwa Sarah Rolfe. Walipata binti mmoja, naye akaitwa Sarah.

Makoloni ya Marekani yalipoanza kuipinga Uingereza, Thompson alichukua upande wa mfalme. Alipeleka habari za siri kwa Waingereza, akamwacha mke na mtoto, na mwaka 1776 akavuka bahari kwenda London. Zingatia jambo hili, kwani tutalirudia tutakapofanya tathmini ya maisha yake.

3. Munich: jiko la watu elfu moja

Mwaka 1784 mfalme wa Uingereza alimpa heshima ya kuitwa Sir. Baada ya hapo Thompson alikwenda Bavaria, eneo ambalo leo ni sehemu ya Ujerumani, akamtumikia mtawala wake, Karl Theodor. Alipewa dhamana ya kurekebisha jeshi. Alianza na mavazi ya askari. Alijaribu vitambaa, pamba na manyoya, akatambua kwamba kinachozuia joto lisitoke mwilini ni hasa hewa iliyonaswa ndani ya nguo. Leo tunasema hewa iliyotulia ni kihami joto kizuri.

Tarehe 1 Januari 1790 alitumia askari kuwakusanya ombaomba wa mji wa Munich. Hakuwafunga gerezani. Aliwapeleka kwenye nyumba ya kazi, wakapewa kazi za mikono, mavazi na chakula cha moto. Chakula chenyewe kilikuwa supu ya shayiri, njegere, viazi, siki, chumvi na vipande vya mkate.

Hapo ndipo tatizo la joto lilipojitokeza. Kupikia watu wapatao 1,000 kila siku kulihitaji kuni nyingi, na kuni ziligharimu fedha. Thompson alipochunguza majiko ya wakati ule aliona moto ukiwaka wazi, ndimi za moto zikipita pembeni ya chungu, na wapishi wakiungua uso huku chakula kikichelewa. Sehemu kubwa ya joto iliwapasha wapishi na paa, wala haikuingia kwenye supu.

Alibadilisha jiko hatua kwa hatua:

(a) Aliuzungushia moto kuta za matofali ili joto lisisambae ovyo.
(b) Aliweka kuni juu ya wavu wa chuma, ili hewa iingie kwa chini na majivu yadondoke.
(c) Aliweka mlango mdogo wa kuongeza au kupunguza hewa, hivyo mpishi akaweza kuutawala moto.
(d) Aliizamisha sufuria ndani ya jiko ili moto uizunguke hadi ubavuni.
(e) Aliipa kila sufuria moto wake peke yake, badala ya moto mmoja mkubwa kwa sufuria zote.

Kisha alipima. Alipima uzito wa kuni zilizoingia, kiasi cha maji kilichochemka na muda uliotumika. Kwa njia hiyo aliweza kulinganisha jiko moja na jingine kwa namba, bila kutegemea maneno ya mwenye jiko.

Kwa utumishi wake alipewa cheo cha ukabaila mwaka 1792. Akachagua jina la ule mji alioolea, na tangu hapo akajulikana kama Count Rumford.

4. Mzinga uliochemsha maji

Rumford alisimamia pia karakana ya silaha mjini Munich. Aliona kwamba mzinga unapotobolewa kwa keekee hupata joto kali sana. Wanasayansi wengi wa wakati huo waliamini kwamba joto ni kitu cha majimaji kisichoonekana, kilichoitwa kaloriki, ambacho hutoka kwenye kitu kimoja na kuingia kingine. Kama hivyo ndivyo, kaloriki iliyomo ndani ya chuma ingepaswa kwisha wakati fulani.

Rumford aliuzamisha mzinga ndani ya sanduku la maji, akatumia keekee butu, na farasi wakaizungusha mashine. Baada ya saa mbili na nusu maji yalichemka bila moto wowote. Kila walipoendelea kuzungusha, joto liliendelea kutoka. Mwaka 1798 aliwasilisha matokeo hayo mbele ya Royal Society ya London, akaeleza kwamba joto linatokana na mwendo, si kitu cha majimaji. Msuguano ulikuwa ukiugeuza mwendo kuwa joto. Miaka ya 1840, James Joule alipima kwa usahihi zaidi uhusiano wa kazi na joto. Ndiyo maana leo unaandika kipimo cha nishati kwa jouli.

5. London: joto linalosafiri kwa bomba

Rumford alirudi London mwaka 1795. Huko alirekebisha meko za kuotea moto majumbani. Alipunguza kina cha meko, akazielekeza kuta za pembeni upande wa chumba ili joto limulike watu, na akaubana mlango wa dohani ili moshi upande juu bila kurudi ndani. Mwaka 1799 alishiriki kuanzisha Royal Institution, taasisi ya kufundisha sayansi kwa matumizi ya watu. Mwaka 1801 taasisi hiyo ilimwajiri kijana Humphry Davy, ambaye alikuja kuwa mwanakemia mashuhuri.

Katika miaka hiyo Rumford aliandika pia kuhusu kutumia mvuke kusafirisha joto kutoka boila hadi mahali pengine. Kiwanda cha nguo mjini Leeds kilitumia njia hiyo kupasha maji ya kutilia nguo rangi. Badala ya kuwasha moto chini ya kila pipa, boila moja lilipeleka mvuke kwa mabomba.

Kwa nini mvuke? Jibu linapatikana kwenye mada ya joto fiche. Gramu 1 ya mvuke wenye nyuzijoto 100 ikigeuka kuwa maji hutoa jouli zipatazo 2,260. Gramu 1 ya maji ikipoa kwa nyuzijoto 1 hutoa jouli 4.2 tu. Mvuke hubeba mzigo mkubwa wa joto katika bomba dogo. Hata hivyo, Rumford alitambua kwamba njia hii huongeza hatua nyingine kwenye mnyororo. Bomba lisipofunikwa kwa kihami joto, mvuke hupoa njiani. Mgandamizo ukizidi ndani ya boila, hatari hutokea, hivyo vali ya usalama inahitajika.

6. Miaka ya mwisho

Rumford alihamia Ufaransa. Mwaka 1805 alimwoa Marie-Anne Lavoisier, mjane wa Antoine Lavoisier, mwanakemia aliyeipa kaloriki jina lake na aliyeuawa kwa mashine ya kukatia vichwa mwaka 1794. Ndoa hiyo haikuwa na amani, na mwaka 1809 waliachana. Rumford aliendelea na utafiti, ukiwemo wa kupima joto linalotolewa na kuni za miti mbalimbali. Alifariki tarehe 21 Agosti 1814 huko Auteuil, karibu na Paris, akiwa na umri wa miaka 61.

7. Jinsi ya kutathmini mfumo wa joto: kutoka Munich hadi Mpanda

Sasa chukua kalamu. Mfumo wowote wa joto una viungo vikuu vinne: upatikanaji wa nishati, uwakaji, usafirishaji wa joto, na matumizi. Kila kiungo kina maswali mawili tofauti, na watahiniwa wengi hukosa alama kwa kuyachanganya.

Swali la kwanza ni la ufanisi: kati ya joto lililoingia, ni kiasi gani kimefika? Kwa jiko la mafiga matatu, mara nyingi ni chini ya asilimia 20 ya joto la kuni inayoingia kwenye chungu.

Swali la pili ni la kutegemeka: kati ya siku zote, ni siku ngapi kiungo hicho kimefanya kazi inavyotakiwa? Jiko linaweza kuwa na ufanisi mkubwa lakini likaharibika kila wiki. Jingine linaweza kula kuni nyingi lakini lisiangushe mtu hata siku moja.

Mfano wa ufanisi. Mvua za Katavi hunyesha kuanzia karibu Novemba hadi Aprili, na kuni zikiachwa nje hulowa. Tuseme mzigo wa kuni una kilo 1 ya maji yenye nyuzijoto 25. Ili maji hayo yafike nyuzijoto 100 yanahitaji kilojouli 4.2 × 75 = 315. Ili yageuke mvuke yanahitaji kilojouli 2,260 zaidi. Jumla ni kilojouli 2,575. Gawanya kwa 315, utapata zaidi kidogo ya 8. Maana yake, kila lita ya maji iliyomo ndani ya kuni hula joto ambalo lingeweza kuchemsha lita 8 za maji ya ugali. Banda la kuhifadhi kuni ni sehemu ya jiko, hata kama halina moto.

Mfano wa kutegemeka. Hapa unatumia mada ya uwezekano uliyosoma kwenye Hisabati. Tuseme uwezekano wa kuni kufika ni 0.9, wa jiko kuwa zima ni 0.9, na wa sufuria na mpishi kuwa tayari ni 0.9, na matukio haya hayategemeani. Uwezekano wa chakula kuiva kwa wakati ni 0.9 × 0.9 × 0.9 = 0.729. Kila kiungo kikitazamwa peke yake kinaonekana kizuri, lakini mlaji hukosa chakula kwa wakati karibu siku 27 kati ya 100.

Sasa weka majiko mawili, ambapo jiko moja linatosha kupika. Yote mawili yataharibika kwa pamoja kwa uwezekano wa 0.1 × 0.1 = 0.01. Hivyo uwezekano wa kupata jiko zima ni 0.99. Weka pia akiba ya kuni kavu ya wiki kadhaa, na tuseme upatikanaji wa kuni unapanda hadi 0.99. Jibu jipya ni 0.99 × 0.99 × 0.9 = 0.882. Rudi kwenye kipengele (e) cha jiko la Munich. Rumford aliipa kila sufuria moto wake ili kuokoa kuni na kuutawala moto, lakini faida nyingine ni kwamba moto mmoja ukikwama, sufuria nyingine huendelea.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: mfumo wa viungo vinavyofuatana hauwezi kutegemeka kuliko kiungo chake dhaifu. Kama kuni zinafika siku moja kati ya mbili, kununua jiko la gharama kubwa hakutavusha mfumo wote zaidi ya 0.5. Kabla ya kutumia fedha, tafuta kwanza kiungo dhaifu.

Kanuni hii inahusu nishati ya kila aina. Kwa miaka mingi mji wa Mpanda ulipata umeme wa jenereta za dizeli, mbali na gridi ya Taifa. Mafuta yalipaswa kusafirishwa kutoka mbali, jenereta ziwe nzima, na nyaya zifike nyumbani. Vivyo hivyo kwa gesi ya kupikia: mtungi, usafiri, kichomeo na fedha ya kujaza tena ni viungo vya mnyororo mmoja. Mwaka 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Ukiulizwa kuhusu mkakati huo, usiishie kusema kwamba gesi ni safi na kuni zinaharibu misitu ya miombo, ingawa hayo ni kweli. Eleza pia kama gesi hiyo itamfikia mpishi wa kijijini kila mwezi, masika na kiangazi. Familia ikiishiwa gesi na duka liko mbali, itarudi kwenye kuni jioni hiyohiyo.

8. Tathmini ya maisha ya Rumford

Rumford hakuwa mtu asiye na doa. Aliwapeleleza majirani zake, akaitelekeza familia, na aliwakusanya maskini kwa nguvu za askari bila kuwauliza. Wakati huohuo maskini hao walikula chakula cha moto, na vipimo vyake viliwasaidia watu ambao hakuwahi kuwaona. Ukitakiwa kutathmini mtu wa historia, taja pande zote mbili kwa ushahidi, kisha utoe msimamo wako.

Kuhusu kazi yake, msimamo wa kitabu hiki ni kwamba fundisho lake kubwa ni kupima mfumo kuanzia mwisho wake. Nenda kwanza kwa mlaji, uone kama chakula kimefika kikiwa cha moto na kwa wakati. Kisha rudi nyuma hatua moja moja hadi msituni.

Maswali ya marudio

1. Eleza mambo manne ambayo Rumford aliyabadilisha katika jiko la Munich, na kila moja lilipunguza upotevu gani.
2. Jaribio la mzinga lilipinga vipi imani kuhusu kaloriki?
3. Tofautisha ufanisi na kutegemeka kwa mfumo wa joto. Toa mfano mmoja kwa kila kimoja kutoka mazingira yako.
4. Bani la tumbaku lina viungo vitatu vinavyofuatana: kuni 0.95, tanuri 0.9 na mabomba 0.8. (i) Tafuta uwezekano wa mfumo mzima kufanya kazi. (ii) Mabomba yakikarabatiwa hadi 0.95, uwezekano mpya ni upi?
5. Chunguza jiko la shule yako. Taja kiungo dhaifu kuliko vyote, na umshauri mkuu wa shule hatua moja ya kuchukua.

Majibu ya swali la 4: (i) 0.684, (ii) 0.812. Kama umepata 0.8 katika kipengele cha kwanza, umechukua kiungo dhaifu peke yake ukasahau kuzidisha. Rudia sehemu ya 7.